Panya Wanakula Sumu na Hawafi: Mwongozo Kamili wa Ghala, Banda la Kuku na Shamba

Kila baada ya mavuno swali huwa lile lile hapa Mombasa, kuanzia Mtongwe hadi Mwakirunge: "Nimeweka dawa, wameimaliza yote, na usiku bado wanakimbizana darini." Anayeuliza huwa ashanunua pakiti ya pili na ya tatu, na moyoni ashakata shauri kwamba panya wake wameizoea dawa.

Huenda ni kweli. Usugu upo, na ni jambo zito. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, ila imewekwa kidogo, imewekwa pasipo njia ya panya, au imewekwa kando ya magunia ya mahindi ambayo panya anayapenda zaidi. Matatizo haya mawili hayatibiwi kwa njia moja. Ukiwa na panya sugu kisha ukaongeza dawa ile ile, unawaua wenzao dhaifu na kuwaachia wao nafasi na chakula. Ukiwa na kosa la uwekaji kisha ukakimbilia sumu kali zaidi, unahatarisha paka, kuku na watoto bila sababu.

Kazi hii huchukua wiki sita hivi. Hatua ya 3 ndiyo inayorukwa na wengi, na kwa kuiruka hawapati kujua kamwe tatizo lao ni lipi.

## Andaa kwanza

- Daftari na kalamu, viwe vya kazi hii tu.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Tochi, na glovu za mpira.
- Visahani kumi au zaidi vya plastiki, vyote vya aina moja.
- Mahindi yaliyoparazwa, yasiyo na dawa yoyote, kilo 5.
- Majivu makavu yaliyochekechwa.
- Vipande vya bomba la PVC la inchi 4, kila kimoja sentimita 40 hadi 50, na waya wa kuvifungia. Hivi ndivyo vituo vya chambo. Ukiweza kununua visanduku vyenye kufuli, ni bora zaidi.
- Mitego ya kubana, isiyopungua 12. Miwili au mitatu haisaidii kitu.
- Saruji, sufi ya chuma ile ya kusugulia sufuria, na wavu wa waya wenye tundu zisizozidi robo inchi.
- Sumu iliyosajiliwa, ikiwa katika pakiti yake. Hii usiinunue kabla hujamaliza hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Soma lebo ya dawa uliyokwisha kutumia

Itafute pakiti hata kama iko jalalani. Angalia jina la kiambato, si jina la biashara. Agroveti mbili zinaweza kukuuzia pakiti mbili za rangi tofauti zenye kiambato kimoja, nawe ukadhani umebadilisha dawa.

Sumu za kuzuia damu kuganda ziko katika vizazi viwili. Kizazi cha kwanza ni kama warfarini na kumatetralili: panya lazima azile siku kadhaa mfululizo. Kizazi cha pili ni bromadioloni, difenakumu, brodifakumu, flokumafeni na difethialoni: hizi zina nguvu zaidi, na kwa baadhi yake mlo wa usiku mmoja unatosha kuua. Lebo huyaandika majina haya kwa Kiingereza, kwa hiyo mwisho wa neno utatofautiana kidogo na nilivyoandika hapa.

Zote hufanya kazi kwa njia moja. Ini la panya hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, kisha huirudisha vitamini hiyo katika hali ya kutumika tena. Sumu hukwamisha hapo kwenye kurudisha. Panya huendelea kuishi kwa akiba aliyonayo mwilini, na hufa baada ya siku 3 hadi 10. Basi ukiweka dawa Jumatatu na kumwona panya akitembea Alhamisi, hujathibitisha chochote.

Onyo. Ikiwa dawa yako ilitoka kwa muuzaji anayetangaza kwa kipaza sauti, katika kipakiti kisicho na lebo, na panya alianguka mbele ya macho yako baada ya dakika chache, hiyo si sumu ya aina hii. Ni kemikali nyingine, pengine sumu ya shambani iliyofungwa upya, na inaweza kumuua mtoto kwa wepesi huo huo. Usiitumie tena wala usiimwage mtaroni. Dawa halali Kenya huwa na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili viuatilifu.

Umefaulu ikiwa umeandika daftarini kiambato, kiwango chake, tarehe uliyoweka na idadi ya sehemu ulizoweka.

## Hatua ya 2: Jua ni panya gani

Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa, na hupanda kama tumbili. Ndiye anayepita juu ya boriti za makuti na kuacha alama nyeusi za mafuta, na ndiye anayetoboa madafu machanga mnazini. Kinyesi chake ni chembamba, ncha zimechongoka.

Panya mnene wa mitaro ana mkia mfupi kuliko mwili na masikio madogo, na huchimba mashimo kandokando ya kuta na mifereji. Kinyesi chake ni kinene, ncha butu. Panya mdogo wa nyumbani huacha kinyesi kama punje ya mchele. Shambani, kwenye mahindi na mihogo, mara nyingi ni yule panya shamba ambaye jike lake lina chuchu nyingi kupita panya wote hawa, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo.

Sababu ya kutaka kujua: panya mdogo na panya wa darini huvumilia warfarini kuliko panya wa mitaro, kwa maumbile yao tu, bila usugu wowote. Tena panya mdogo hudonoa hapa kidogo na pale kidogo, kwa hiyo anahitaji sehemu za chambo kila mita 2 hadi 3. Panya wakubwa wanatosheka na kila mita 5 hadi 10.

Kama hujui ni yupi, nyunyiza majivu jioni kwenye njia unazozishuku. Asubuhi pita na tochi ukiiinamisha chini, mwanga uende sambamba na sakafu. Nyayo zitaonekana wazi, na katikati yake utaona mstari wa mkia ulioburutwa.

## Hatua ya 3: Hesabu ya usiku, bila sumu

Hapa nakuomba subira. Kabla ya gramu moja ya sumu, walishe panya wako mahindi matupu kwa usiku 4 au 5, na upime wanakula kiasi gani.

1. Panga visahani kwenye njia za panya, karibu na ukuta, si katikati ya chumba. Ndani ya kila kisahani weka gramu 100 za mahindi yaliyoparazwa.
2. Weka kisahani kimoja cha ziada mahali ambapo panya hafiki kabisa, kwa mfano kinachoning'inia kwa waya mwembamba katikati ya chumba. Hiki ni cha kupimia unyevu.
3. Kila asubuhi pima kilichobaki kila mahali, andika, kisha jaza upya hadi gramu 100. Kisahani kilichoisha kabisa, usiku unaofuata kiongezee hadi 200.

Kisahani cha unyevu nilikiona ni cha lazima baada ya kuaibika katika ghala la jirani yangu kule Mtopanga. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua haikatiki. Visahani viwili asubuhi vilisoma gramu 104 na 105, na mimi nikaanza kushuku mizani. Kumbe mahindi yamekunywa hewa ya bahari usiku kucha. Tangu hapo kila hesabu yangu naisawazisha kwa kisahani hicho: kikizidi gramu 4, natoa 4 kwa kila gramu 100 iliyobaki kwenye vingine.

Ghala lile lilitupa jumla ya gramu 310 usiku wa kwanza, kisha 420, 480 na 470. Kupanda kwa mwanzo ni kawaida, kwa sababu panya wakubwa hukiogopa kitu kipya na huchukua siku kukizoea. Chukua usiku ulioliwa zaidi, gawanya kwa gramu 20, ambazo ni kadiri ya mlo wa panya mkubwa mmoja kwa usiku. Gramu 480 kwa 20 ni panya 24, na hao ndio wa chini kabisa, maana wengine walikula kwingine. Mwenye ghala alikuwa ameweka vipande vinne tu vya dawa akingoja wafe wote.

Umefaulu ikiwa namba zimetulia kwa usiku mbili mfululizo, na unajua ni visahani vipi vinaliwa na vipi havijaguswa.

## Hatua ya 4: Waondolee chakula kingine

Panya mwenye gunia wazi hana haja na chambo chako. Inua magunia juu ya mbao, sentimita 30 kutoka sakafuni na mbali na ukuta ili uweze kupita nyuma yake. Zoa punje zilizomwagika kila jioni. Ziba tundu kwa sufi ya chuma iliyoshindiliwa na saruji juu yake, kwa sababu panya mdogo hupenya tundu la milimita 6.

Banda la kuku lina jambo lake la pekee. Chakula cha kuku cha dukani huongezwa vitamini K, na vitamini hiyo hiyo ndiyo kinyume cha sumu unayoweka. Panya anayeshiba lishe ya kuku anaweza kupunguza makali ya dawa bila wewe kujua, hasa akiwa tayari ana kiasi fulani cha usugu. Kwa hiyo vyombo vya lishe vitoke bandani kila jioni na kufungwa kwenye pipa la bati. Wafugaji wengi hulikataa hili kwa kuona ni usumbufu. Ninaloliamini mimi ni kwamba hakuna hatua yenye faida kubwa kuliko hii kwa mfugaji.

Kwenye minazi, funga bati laini kuzunguka shina, upana wa sentimita 40, kwenye kimo cha mita 2 hivi. Kisha hakikisha makuti hayagusani na mti wa jirani, la sivyo panya atapita juu kwa juu.

## Hatua ya 5: Weka sumu kwa mpango

Tumia dawa ile ile unayoishuku, mradi imesajiliwa na haijaisha muda. Ndiyo, ile ile. Unaipima kwa haki sasa, ikiwa imewekwa ipasavyo. Ikiwa ile ya awali haikuwa na lebo, nunua iliyosajiliwa ya kizazi cha pili, yenye bromadioloni kwa mfano.

Weka vituo pale pale visahani vilipoliwa zaidi. Chambo kiwe ndani ya bomba, bomba lifungwe kwa waya lisiburutwe. Kwa hali ya hewa ya Mombasa chagua vipande vya nta, kwa sababu chambo cha nafaka huota ukungu upesi, na panya hagusi kilichooza. Toboa kipande na ukipitishe kwenye waya ili panya asikichukue akaenda kukificha. Kilichofichwa utakiandika kuwa kimeliwa na hesabu yote itaharibika.

Kwa kizazi cha kwanza, kituo kisikauke hata usiku mmoja, kwa sababu sumu hiyo inafanya kazi kwa kulimbikizwa. Kwa kizazi cha pili, weka kiasi kidogo kinachoruhusiwa na lebo na, ikiwa lebo haisemi vinginevyo, ujaze kila baada ya siku 7. Walioshiba wiki ya kwanza wataendelea kula hadi siku ya kufa, na kuwajazia kila siku ni kupoteza dawa na kuujaza mzoga sumu itakayomdhuru bundi au paka atakayeula. Hata hivyo vituo utavipima kila asubuhi bila kuvijaza. Kituo kilichobaki kitupu kiandike "tupu", na namba ya wiki hiyo ya kituo hicho usiihukumu.

Vaa glovu. Watoto waambiwe waziwazi, waoneshwe vituo, wakatazwe. Kuku wafungiwe.

Dharura. Mtu au mnyama akila dawa hii, usingoje dalili. Kutokwa na damu huja baada ya siku kadhaa. Nenda hospitali mara moja na pakiti mkononi. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, na daktari anahitaji kujua kiambato.

## Hatua ya 6: Soma daftari, kisha utoe hukumu

Baada ya wiki tatu au nne utaona mojawapo ya hali nne.

Chambo hakikuguswa. Huo si usugu. Hakuna kiumbe anayekuwa sugu kwa alichokataa kula. Hamisha vituo, angalia ukungu, rudi hatua ya 4.

Kililiwa, kikapungua, kikaisha kuliwa. Dawa ni nzima. Ghala la Mtopanga lilikwenda hivi: gramu 60, 150, 340, na mwisho wa wiki ya pili 30. Wiki ya tatu sifuri. Dawa ilikuwa ile ile ambayo mwenyewe ameilaani miezi miwili.

Kinaliwa kwa wingi, lakini vituo vya pembezoni tu. Hao ni wageni kutoka kwa jirani, kichaka au jalala. Vituo vya ndani vitakuwa vimenyamaza. Hii huchanganywa na usugu kuliko kitu kingine, na tiba yake ni jirani: wekeni dawa nyumba zote katika wiki ile ile, la sivyo mtapokezana panya mwaka mzima.

Kinaliwa ndani na nje, kiasi kile kile, wiki ya nne kama ya kwanza. Chambo ni kizuri, vituo havikauki, lishe imefungwa, na mizoga ni michache au hakuna. Hapa sasa una haki ya kushuku usugu.

Uthibitisho wa mwisho hutoka maabara, kwa kusoma jeni iitwayo VKORC1 kwenye kipande cha mkia. Mabadiliko madogo ya jeni hiyo huifanya sumu ikose pa kushika. Ukinasa panya katika hali ya nne, kata ncha ya mkia sentimita 1 hadi 2, itie kwenye spiriti, andika tarehe na mahali, kisha umwendee afisa wa kilimo nayo pamoja na daftari lako. Lakini kazi ya ghalani isisubiri majibu.

## Hatua ya 7: Ukishuku usugu

Toa dawa yote siku hiyo hiyo. Kila usiku inaokaa, inachuja kizazi: wadhaifu wanakufa, sugu wanazaana. Mimba ya panya ni wiki tatu tu.

Anza na mitego, kwa sababu hakuna jeni la kushinda chuma. Kwa usiku 3 weka mitego ikiwa na chambo lakini haijategwa, panya waizoee. Usiku wa nne itege yote kwa pamoja. Weka kwa jozi, kikanyagio kikitazama ukuta. Kwa panya wa darini sijaona chambo kinachoshinda kipande cha nazi kilichochomwa mpaka kikanukia, kimefungwa kwa uzi. Kagua kila asubuhi, tega upya kila jioni, wiki mbili bila kuacha.

Ikiwa bado wako wengi, hatua inayofuata ni brodifakumu, flokumafeni au difethialoni, ambazo bado huua panya wengi walio sugu kwa dawa nyingine za jamii hii. Usibadilishe bromadioloni kwa difenakumu ukadhani umetoka: panya sugu kwa moja mara nyingi ni sugu kwa nyingine. Na hizo tatu zitumike ndani ya jengo tu, katika visanduku vya kufuli, kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Sumu hizi hukaa katika ini kwa miezi. Shambani usizipeleke.

Zinki fosfaidi si ya jamii hii na panya sugu hana kinga nayo, lakini hutoa gesi ya sumu tumboni na haina dawa ya kuitangua. Waachie wenye mafunzo na leseni.

## Hatua ya 8: Mizoga

Tafuta mizoga kila asubuhi, darini na nyuma ya magunia. Nyunyizia maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, okota kwa glovu, zika nusu mita kwenda chini. Usitupe jalalani: kunguru wa mji huu wataifukua kabla ya adhuhuri, na paka watafuata. Mkojo wa panya hubeba maradhi kama leptospirosisi, kwa hiyo nawa kwa sabuni hata kama ulivaa glovu.

Bundi akiwa amekaa mnazini kwako, tafadhali usimrushie mawe. Najua yanayosemwa juu ya mlio wake. Lakini kila usiku anakamata panya, sugu na asiye sugu, na sumu yako ndiyo hatari yake kubwa.

## Hatua ya 9: Rudia hesabu

Ondoa sumu na mitego yote, ngoja siku 3, kisha rudisha visahani vile vile mahali pale pale na mahindi matupu kwa usiku 4. Linganisha na hatua ya 3. Ikiwa ulianza na gramu 480 na sasa unapata 20 au chini, kazi ya sumu imekwisha. Aliyebaki mnase kwa mtego. Ikiwa bado unapata 200, fungua daftari kwenye hatua ya 6 na utafute ulikosea wapi kati ya zile hali nne.

Baada ya hapo, visahani viwili vya mahindi matupu vibaki ghalani, vikaguliwe kila Ijumaa. Hata kimoja kikiliwa, tega mitego kabla ya kufikiria pakiti.